Kese nyekundu na mizizi ya ugonjwa

Mazungumzo ya timu ya uwanjani kwenye mkutano mkuu wa chama, Baraka. Tumeyaandika karibu sawa na yalivyosemwa, tukaongeza maneno machache kwa ajili ya wafadhili wanaotusoma mbali.

Tunashukuru kupewa nafasi kabla ya chakula, maana baada ya bugali hakuna anayesikiliza. Mwenyekiti alituomba tuongee juu ya afya. Tulipomuuliza afya ya namna gani, akatujibu: "Nyinyi semeni tu kwa nini kese nyekundu inaisha kila mwezi." Basi tutaongea juu ya hilo.

Kwa wale wasiojua desturi ya MUSO: kila kikundi chetu kiko na kese tatu. Ya kijani ni ya akiba na mikopo. Ya buluu ni pesa ya kutoka nje, ile ya wafadhili. Nyekundu ni ya taabu: msiba, ugonjwa, nyumba kuungua. Pesa ya nyekundu hairudishwi. Mtu akipatwa, komite inakaa, inatoa, inafunga daftari, na kila mtu anarudi nyumbani na moyo mweupe kwamba tumesaidiana.

Sisi tulikaa siku mbili na madaftari hayo, ya vikundi vya kando ya ziwa. Tulitafuta mwizi, tuseme kweli. Mwenyekiti hakusema hivyo lakini ndivyo tulivyoelewa. Mwizi hatukumwona. Tulichokiona ni majina. Jina la mtoto fulani linaandikwa mwezi wa pili, linaandikwa tena mwezi wa tano, linarudi mwezi wa nane. Mama mmoja tulimkuta mara sita, kila mara "maumivu". Ukitoa zile familia zinazorudi-rudi, kese nyekundu yetu ingekuwa na pesa mpaka leo. Tunatibu watu walewale kwa magonjwa yaleyale, na kila mara tunasahau kwamba tulishawatibu.

Tuwaeleze habari ya mtoto mmoja. Wazazi wake wako hapa, wametupa ruhusa, na wamesema tusitaje jina wala kijiji.

Huyu kijana ana miaka minne. Mara ya kwanza alifikishwa hospitali amebebwa mgongoni, midomo myeupe, pumzi fupi-fupi, hawezi hata kulia. Wakampima damu: gramu nne. Mtoto wa umri wake anatakiwa awe na 11 au zaidi. Baba akatoa damu yake, mtoto akaongezwa, baada ya siku tatu akaomba andazi. Kese nyekundu ikalipa bili. Tukapiga makofi kwenye mkutano, tunakumbuka vizuri, maana sisi wenyewe ndio tuliosoma barua ya shukrani.

Miezi mitano baadaye, mtoto yuleyule, midomo ileile. Safari hii damu ilitolewa na mjomba. Kese ikalipa tena. Sisi timu tukatia sahihi mara ya pili bila kuuliza swali lolote. Hilo kosa ni la kwetu, na tunalisema mbele yenu kabla hatujaanza kufundisha mtu.

Mara ya tatu ni muganga wa sentre aliyetushtua. Alimwona mtoto mapema, damu ikiwa bado gramu sita, akatuambia: "Mkitaka nitawaandikia karatasi ya kumpeleka hospitali. Lakini nyumbani kwake mmeshafika?" Hatukuwa tumefika.

Tukaenda asubuhi. Nyumba ni ya udongo na nyasi, iko safi, imefagiwa. Mtoto amekaa chini ya muembe, miguu bila viatu, kama watoto wote wa pale. Tuliuliza kwanza kile kila mtu wa shirika anauliza: mnalala ndani ya chandarua? Mama akanyamaza. Bibi wa mtoto akacheka, akanyoosha kidole kwenye miti ya kuanikia: "Ile pale, wanangu. Inalala na ndagala."

Chandarua kilikuwa kimeshonwa na vingine viwili, kimekuwa wavu. Nyinyi mnaoishi kando ya Tanganyika hamshangai, mnaviona kila siku. Tulitaka kuanza mafundisho, mdomo ulikuwa umeshafunguka, lakini mmoja wetu akauliza kwanza: wavu wenyewe wa kazi uko wapi? Baba akasema ulichukuliwa usiku ziwani, na watu wenye silaha, pamoja na injini. Hakuongeza neno. Mtu mwenye watoto watano, hana wavu, anapewa bure kitambaa chenye matundu madogo-madogo. Sisi tungefanya nini?

Basi mbu wanaingia, palu inakuja kila baada ya wiki chache. Kijidudu cha malaria kinaingia ndani ya chembe nyekundu za damu, kinazaliana humo, kinazipasua. Mtoto akipata palu mara moja, akatibiwa, akala vizuri, mwili unatengeneza damu nyingine. Akipata mara nne mfululizo, mwili haupati nafasi.

Lakini palu peke yake haikutosha kueleza yale yote. Muganga alikuwa amemwagiza apimwe na choo. Wakakuta minyoo ya safura, mingi. Hii safura tuieleze vizuri, kwa sababu watu wengi wanafikiri minyoo inaingia kwa mdomo tu. Safura inaingia kwa ngozi ya mguu. Mtu mwenye minyoo anajisaidia kwenye udongo wenye unyevu, mayai yanaanguliwa, vijidudu vinangoja pale. Mtoto anapita bila kiatu, vinapenya ngozi, vinasafiri na damu mpaka mapafuni, vinapanda kooni, vinamezwa, vinafika kwenye utumbo. Huko vinajishika kwa meno na kunywa damu. Kila mdudu anakunywa kidogo sana. Wakiwa mamia, kwa mtoto wa miaka minne, ni kama kopo lenye tundu: sisi tunajaza kwa juu kwa pesa ya kese nyekundu, chini inavuja.

Tukauliza choo kiko wapi. Hakuna choo. Wanaenda nyuma ya migomba, na watoto wanacheza palepale.

Hapo ndipo wengi wetu tunamaliza uchunguzi. Tunaandika "hawana choo, wafundishwe usafi", tunarudi ofisini. Na ripoti yetu ya kwanza, tunasikia haya kuisema, iliandikwa hivyo: "wazazi hawajali usafi." Baba ndiye aliyetutoa kwenye ujinga huo. Alituuliza: "Nichimbe choo kwenye parseli ya mwenyewe?" Ile parseli si yake, amepewa kukaa tu, kwa maneno ya mdomo. "Nikichimba shimo, mwenye parseli atasema huyu sasa anataka kujenga, anataka kubaki. Atanifukuza kesho yake." Pale kwetu shimo la choo ni kama nguzo ya nyumba. Linasema mtu huyu haondoki.

Na kwa nini mtu wa kijiji hiki, aliyezaliwa hapa, anakaa kwa mtu? Kwa sababu alikimbia. Alikaa Tanzania kambini miaka mingi kama wengi wenu, akarudi na meli kutoka Kigoma katika ile miaka baada ya 2005, akakuta shamba la baba yake linalimwa. Waliolilima si wezi. Ni ndugu zake waliobaki, waliolala porini, waliozika watu wao hapa. Na wao wako na watoto, tena wengine wako na karatasi ya shefu. Kila upande uko na haki yake, ndiyo maana jambo ni gumu.

Basi tazameni tulivyoshuka. Damu imeisha kwa sababu ya palu na safura. Palu ni kwa sababu chandarua kimekwenda ziwani, na kimekwenda kwa sababu wavu umeibiwa. Safura ni kwa sababu hakuna choo. Choo hakuna kwa sababu parseli si yake, na parseli si yake kwa sababu shamba la baba liko mikononi mwa wengine. Shamba liko hivyo kwa sababu ya vita. Tulipofika kwenye vita tulisimama. Uwezo wetu uliishia hapo, tusidanganyane.

Lakini kati ya damu na vita kuna ngazi nyingi, na kwenye kila ngazi kuna kitu mtu anaweza kufanya. Muganga alifanya ya kwake: dawa ya palu, kisha dawa ya minyoo kwa nyumba nzima, bibi naye, kisha madini ya chuma ya kuongeza damu. Alimwambia mama asimpe mtoto chai pamoja na chakula, kwa sababu chai inazuia ile chuma ya sombe na maharagi kuingia mwilini. Hilo sisi wenyewe hatukulijua, na nyumbani kwetu tunawapa watoto chai kila siku.

Sisi tulikwenda kwa mwenye parseli. Tulidhani ataleta shida. Mzee wa watu alisikiliza, akauliza swali moja tu: "Akiondoka, choo kinabaki cha nani?" Tukasema cha kwako, mzee. Tukaandika karatasi mbele ya shefu: familia inakaa miaka miwili, inachimba choo, haidai parseli kwa sababu ya choo, na siku ya kuondoka choo kinabaki. Wote wakatia kidole. Kese ya buluu ikatoa dale ya simenti. Kese ya kijani ikamkopesha baba pesa ya wavu wa kweli, anarudisha kidogo-kidogo kila soko. Chandarua kipya kikatoka sentre. Yote kwa jumla, dale, karatasi, safari zetu tatu na soda ya shefu, haikufika nusu ya bili moja ya kuongezwa damu.

Ndugu, wakubwa wa dunia wanaiita njia hii kwa majina makubwa. Hapa kwetu Kivu mmeshalisikia neno "holistiki" mpaka mmechoka, liko kwenye kila mradi. Kwa Kiswahili cha nyumbani tunasema kutibu mtu mzima, na kutafuta mzizi. Si jambo jipya. Shirika la Afya Duniani, tangu kuanzishwa kwake, limeandika kwamba afya ni mwili, akili na maisha ya mtu kati ya watu kuwa salama, na kwamba kukosa ugonjwa peke yake hakutoshi. Mwaka 1978 huko Alma-Ata serikali za nchi nyingi zilikubaliana kwamba afya ya msingi inabeba ndani yake chakula, maji safi na vyoo, pamoja na chanjo na dawa. Na hata hapa nchini, Kasongo ya Maniema, si mbali na sisi, miaka ya 1970 waganga walijaribu sentre ndogo karibu na watu, muganga mmoja anaijua familia moja kwa miaka, anamfuata mtu mzima badala ya kungoja ugonjwa mmoja-mmoja.

Kuna kitu kimoja kinatusumbua, na wazee wataturekebisha kama tunakosea. Kambini, pamoja na mabaya yake yote, maji, choo, chakula na dawa vilikuwa vimekaa karibu. Mtu wa vyoo na mtu wa kliniki walikutana kwenye kikao kimoja. Mtoto akiharisha blok fulani, kesho yake mtu anakwenda kuangalia bomba. Tuliporudi, tukawa huru, lakini vile vitu vinne vikatawanyika: afya kwa muganga, maji kwa mradi, choo kwa mwenye parseli, chakula kwa Mungu. Hakuna anayeviona vyote kwa pamoja. Kolera inatuonyesha hilo waziwazi. Sisi wa Uvira, Baraka na Fizi tunaijua kama jirani. Ziwa lilipopanda na kuingia kwenye nyumba na vyoo, maji ya kunywa na maji ya choo yakawa maji moja. Serumu ilitibu watu na tunashukuru, ila aliyetoka kitandani alirudi kuchota palepale.

Sasa ya yule mama wa mara sita. Hapa tutaongea kidogo na kwa heshima.

Kuna wamama wanaokuja sentre na mgongo, na tumbo la chini, na kichwa, na moyo kupiga usiku. Wanapimwa, hakuna kitu. Wanapewa kinini za maumivu, wanarudi mwezi ujao. Wengine kwenye foleni wanasema anapenda dawa tu. Baadhi yao, maumivu yalianza siku za kukimbia, na sote tunajua ni mambo gani yalitendeka siku zile. Kuhusu hili hatuhitaji kujifunza ng'ambo. Hospitali ya Panzi, Bukavu, ilianza 1999 kama hospitali ya kuzalisha wamama, na kazi ya kwanza ikawa kushona wamama waliobakwa. Daktari Mukwege na wenzake waliona kwamba kushona hakutoshi. Mama anapona kidonda, usiku halali. Anaanza kulala, mume amemkataa, hana pa kukaa wala pa kulima. Anapata pa kukaa, aliyemtenda anapita barabarani mbele yake. Ndiyo sababu wakaweka milango minne: dawa ya mwili, mtu wa kumsikiliza moyo, kazi ya kumpa maisha, na mwanasheria. Wanamsindikiza mtu mpaka asimame. Na daktari mwenyewe, kwa sababu wanaobakwa hawakuisha, alitoka chumba cha upasuaji akaanza kuuambia ulimwengu juu ya mzizi: vita, madini, na watu wasioadhibiwa. Tuzo ya Nobeli ya amani aliyopewa 2018 ilikuwa ya amani, si ya udaktari, na tunafikiri waliompa walielewa.

Chama chetu hakina milango minne. Kiko na wamama wawili waliosomea kusikiliza, na kiko na uwezo wa kulipa usafiri. Yule mama sasa anaonana na mmoja wao kila wiki, faraghani. Maumivu hayajaisha. Ila mara ya saba kwenye daftari haijaandikwa.

Komite, tunawaomba kitu kimoja kizito hapa. Kutafuta mzizi kusigeuke kuchunguza watu. Mzizi wa mama ni wa mama. Komite haina haki ya kuujua, na daftari halina nafasi ya kuuandika. Andikeni "amesindikizwa", basi. Vilevile tuliona hatari nyingine: mtu akishasikia neno "chanzo", anatafuta mwenye makosa, na mwenye makosa siku zote anakuwa mama wa mtoto. Mtoto ana bwaki, mama ni mvivu. Lakini nendeni mkaangalie: mara nyingi mtoto mwingine alizaliwa haraka, huyu akaachishwa titi kabla ya siku zake, akabaki na bugali ya muhogo peke yake. Hata lile jina la kwashioko, lililochukuliwa kwenye lugha ya Waga wa Ghana, linasema habari hiyohiyo ya mtoto aliyeondolewa titi na mdogo wake. Ukimtukana mama, utepe wa mkono hautatoka kwenye rangi nyekundu.

Na bado kuna wale wa sokoni. Mnawajua. Wako na spika na meza, wanasema dawa yao inatibu mwili mzima, inasafisha damu, inang'oa mizizi ya magonjwa 40, chupa moja. Wanatumia maneno yetu haya haya, mizizi, mwili mzima, na ndiyo maana tunawataja. Dawa za majani za wazee wetu hatuzitukani, baadhi zina nguvu, na malaria yenyewe inatibiwa leo kwa dawa iliyotoka kwenye jani la China. Lakini mtu anayetibu mtu mzima anauliza maswali mengi na anauza kidogo. Anayeuza chupa moja kwa magonjwa 40 hajauliza hata swali moja. Tena msikie vizuri: mtoto akishikwa na degedege, akiwa na midomo myeupe, akiharisha maji kama ya mchele, hiyo si saa ya kutafuta mizizi wala ya kwenda chumba cha maombi. Mbebeni, mkimbie. Muombe njiani. Mizizi tutaitafuta akishapona.

Pendekezo letu la kwanza kwa komite lilikuwa hivi: kila franka 10 zinazoingia kese nyekundu, mbili ziwekwe kwa kazi ya mizizi. Mzee mmoja alisimama kwenye kikao, tunamheshimu sana, akasema: "Wanangu, kese nyekundu ni maji ya kuzima moto. Nyinyi mnataka kuyamwagilia bustani. Siku nyumba yangu ikiwaka, mtaniambia bustani inaendelea vizuri?" Watu walicheka, na sisi tulicheka, lakini tulirudi nyumbani tukaona mzee ana haki. Mtu anatoa pesa yake kwa nyekundu kwa sababu ya hofu ya usiku, na hofu hiyo ni ya kweli. Tukiigusa, atasita kutoa.

Kwa hiyo tumebadilisha. Tunaomba nyekundu ibaki nzima. Isipokuwa sheria moja: jina likirudi mara ya pili ndani ya miezi sita kwa ugonjwa uleule, komite inalipa, halafu kabla ya kufunga daftari watu wawili wanakwenda nyumbani. Mmoja ni reko wa kijiji, mwingine ni mtu wa kikundi ambaye familia yenyewe inamtaka. Hawaendi na mafundisho. Wanaenda na maswali: mnalala wapi, mnachota wapi, mnajisaidia wapi, mnakula nini, parseli ni ya nani, nani hakulala usiku huu. Hilo la parseli msilisahau, hata kama linaonekana halihusu dawa.

Na pesa ya kazi ya mizizi itoke kese ya buluu. Hapa tunawageukia nyinyi wafadhili mnaotusoma. Mmetusaidia miaka na hatuna neno baya. Lakini karatasi ya ripoti mnayotutumia iko na mistari ya wagonjwa waliotibiwa, kinini zilizotolewa, vyandarua vilivyogawiwa. Chandarua kikishagawiwa, kwenye karatasi yenu kimehesabiwa, hata kikiwa ziwani. Hakuna mstari wa karatasi ya makubaliano mbele ya shefu. Hakuna mstari wa safari tatu kwa mwenye parseli, wala wa mtoto ambaye mwaka huu hakuongezwa damu. Tulipoomba mara moja pesa ya kikao cha baraza juu ya mashamba, tulijibiwa kwamba mradi ni wa afya, mambo ya ardhi yako kwa wengine. Tunaelewa kwamba na nyinyi muna wakubwa wenu. Tunaomba mstari mmoja tu, mdogo, tuupe jina lolote mtakalo. Tutauletea risiti zake zote, na ile ya soda ya shefu.

Wanamemba mtapiga kura juu ya sheria ya ziara kwenye mkutano ujao wa kila kikundi. Anayepinga aje aseme, kama yule mzee alivyosema, tulijifunza kwake zaidi kuliko kwa waliotukubali. Vikundi vitakavyokubali vichague watu wa ziara mapema, maana tarehe ya mafunzo kwa wareko imepangwa pamoja na muganga wa sentre, siku mbili, chakula kipo, perdiemu hakuna. Wenye fishi za watoto walioongezwa damu mwaka huu au mwaka uliopita, tafadhali mzilete kwa katibu leo kabla hamjaondoka. Tutazisoma na kuzirudisha kesho.

Mmetuuliza mlangoni habari ya yule kijana. Alipimwa wiki iliyopita: gramu tisa na nusu. Bado haijafika 11. Choo kinatumika, ila bibi anasema giza la mle ndani halimpendezi, anaomba dirisha. Kesi ya shamba iko kwenye baraza, imeahirishwa mpaka wale wanaolima wavune muhogo wao, na pande zote mbili zimekubali kungoja.

Chakula kiko tayari.